Maua Chini ya Chandarua

Saa nne asubuhi soko la vyuma lilikuwa limechangamka hivi kwamba hata simu ikilia mfukoni huisikii, unaihisi tu inavyotetemeka. Nyundo zinagonga mabati, wachomeleaji wanatoa cheche, wapagazi wanapiga miluzi wapishwe njia. Katikati ya kishindo hicho alikuwa anapita mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, gauni lake la bluu limepauka kwa jua, miguuni raba za kiume zilizojaa udongo. Mgongoni alibeba bomba la kunyunyizia miti, lile la mikanda miwili, na mfuniko wake ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Toroli la mpagazi lilimgonga kiwiko. Mpira ukafyatuka, mfuniko ukaruka, na maji ya rangi ya kahawia yakammwagikia mwanamume aliyekuwa anakuja mbele yake, mtu mrefu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Yalimlowesha kuanzia shingoni mpaka kwenye mkanda.

Mwanamume hakutukana. Uso ulimpauka, akalishika shati kwa mikono miwili na kulipasua, vifungo vikatawanyika chini, kisha akakimbia kifua wazi mpaka kwenye bomba la maji la wachomeleaji. Akajimwagia ndoo nzima.

Soko lilicheka. Mwanamke akamkimbilia.

"Kaka, samahani! Kaka, si sumu!"

"Usinisogelee! Ni dawa gani hiyo? Nitajie jina, haraka!"

"Kitunguu saumu."

"Nini?"

"Kitunguu saumu, pilipili, na kipande cha sabuni ya mche. Ukiongeza nyama unapata mchuzi." Akachovya kidole kwenye bomba na kukilamba. "Sabuni ndiyo inayoharibu ladha."

Mwanamume alinusa viganja vyake. Akanusa tena. Taratibu damu ikamrudi usoni.

"Mbona imeanza kuniwasha?"

"Pilipili haitanii. Usijiguse macho."

"Dada, umenifanya nivue nguo mbele ya soko zima kwa sababu ya kiungo cha mchuzi?"

"Sikukwambia uvue. Umevua kwa hiari yako, tena kwa haraka kweli."

Hapo akacheka na yeye. Kumbe alikuwa fundi wa pampu, kibanda chake hakikufika hatua ishirini kutoka pale. Alimketisha kwenye kigoda, akalifungua bomba lake akiwa bado kifua wazi, akatoa kipira cha ndani kilichooza na kumtilia kipya, kisha akamtafutia mfuniko wa kufunga kwa kuzungusha. Kabla jua halijafika utosini, soko lilikuwa limeshampa jina, Kifua Wazi. Naye alikuwa ameshampa mwanamke jina, Bi Saumu. Hakuna aliyelikataa lake.

Bi Saumu alikuwa muuza maua kwenye lango la hospitali kuu. Hakununua kwa mtu, aliyalima mwenyewe kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma ya gereji: waridi nyekundu na za pinki, dalia, zinia, na maua ya njano yenye harufu kali aliyoyapanda kuzunguka kingo kwa sababu wadudu wengine hawaipendi harufu ile. Watu walinunua shada moja wakienda kumwona mgonjwa. Wengine walinunua wakitoka, na hao alikuwa hawaulizi kitu.

Siku ya pili yake simu ya Bi Saumu iliita. Alikuwa ni fundi.

"Bomba linafanya kazi?"

"Linafanya kazi kuliko aliyelitengeneza. Wewe muda huu si uko kazini?"

"Niko kazini. Nafuatilia mteja."

"Mteja hana malalamiko."

"Basi fundi ndiye anayo. Tangu jana nanuka kama jiko la hotelini, hakuna anayetaka kukaa karibu yangu."

"Oga."

"Nimeoga mara nne, Bi Saumu. Nadhani hii imeingia ndani."

Alikata simu huku anatabasamu peke yake. Mama mmoja aliyekuwa anachagua waridi akamwangalia, akatabasamu pia, akaongeza shina moja.

Ikawa hivyo. Akawa anapiga asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, kisha akawa anakuja mwenyewe. Bi Saumu alimfundisha kazi za bustani. Alfajiri, umande ungali juu ya majani, wadudu huwa wazito kwa baridi, hawaruki. Huo ndio wakati wa kuwaokota. Walipita mstari kwa mstari, kila mmoja na kopo lenye maji ya sabuni, wakigeuza kila jani kutazama upande wa chini, wakiwadondosha viwavi na panzi na wale mbawakavu weusi ambao hula ua likiwa bado limefumba. Majani ya mwarobaini waliyatwanga, wakayaloweka usiku kucha, wakayachuja kwa kitambaa mara mbili yasije yakaziba bomba. Kunyunyizia walisubiri saa kumi na moja jioni.

"Kwa nini si mchana? Mchana nina nafasi," fundi aliuliza.

"Mchana sabuni na jua vinaunguza jani. Na nyuki wanakuwa kazini. Jioni wamesharudi kwao."

"Yaani nyuki wana saa zao, mimi sina."

"Wewe una saa zako. Ndizo hizi."

Kazi aliyoipenda fundi kuliko zote ilikuwa ile ya vyandarua. Bi Saumu alikusanya vyandarua vikuukuu, akavikata na kuvishona mifuko, akayavalisha matumba ya waridi mpaka yakaribie kukatwa. Tatizo upepo uliivua. Fundi akakunja nyaya, akatengeneza vitao vidogo vya kuchomeka ardhini, akatandaza chandarua kizima juu ya mstari mmoja, kikakaa kimenyooka kama kitanda kilichotandikwa na mtu mwenye adabu.

"Sasa yanalala vizuri kuliko mimi," alisema.

"Wewe huna chandarua?"

"Ninacho. Sina wa kulala naye ndani yake."

Bi Saumu alimrushia udongo. Aliukwepa, akamshika mkono, na udongo uliobaki kiganjani ukagandana kati ya vidole vyao. Gerejini, nyuma ya ukuta, mtu alikuwa anajaribu kuwasha gari ambalo halikutaka kuwaka. Fundi alimbusu pale pale, kati ya dalia, na mwanamke akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, naye fundi akadhani ni furaha.

Miezi mitano ilipita. Dada yake mkubwa Bi Saumu, mshonaji mwenye maneno mengi na cherehani ya kukanyaga kwa mguu, alikuja bustanini kumpima yule mwanamume kwa macho, akamwuliza kwao wapi, wazazi wake wako hai, na anakula nini. Aliondoka akimnong'oneza mdogo wake, "Huyu usimwachie."

Mvua za kwanza zilipofika, mbawakavu walikuja nazo. Hawakuja wachache kama miaka mingine. Walitoka ardhini kama vile mtu amewafungulia mlango. Wakati huo Bi Saumu alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, waridi mia tatu za harusi ya mkuu wa hospitali, na mtoto wa mtu hawezi kuolewa ameshika maua yenye matundu. Waliokota alfajiri, wakaokota tena magharibi. Walinyunyizia mwarobaini, mvua ikaosha, wakanyunyizia upya. Chini ya vyandarua waridi zilikuwa salama, lakini vyandarua havikutosha.

Siku moja saa tatu asubuhi dada mtu aliingia bustanini akipumua kwa nguvu, kibegi begani. Alitoa kichupa kidogo.

"Mdogo wangu, najua hutaki kusikia. Lakini ni tone moja tu kwenye ndoo ya maji. Muuzaji kaniambia jioni hii wote wamekufa. Mara moja tu, upate hii kazi, halafu urudi kwenye vitunguu vyako."

Bi Saumu alisimama kama mti. Kopo lake likaanguka.

"Toa hicho kitu hapa."

"Nisikilize kwanza..."

"Toa! Toa hicho kitu kwenye bustani yangu!" Sauti yake ilitoka nyembamba, si yake. "Umeingia nayo kwenye begi? Begi lile lile unalobebea mkate? Dada, wewe! Wewe pia ulikuwepo!"

Dada alikuwa ameshaanza kulia. Alikificha kichupa kifuani kwa mikono miwili, akatoka kinyumenyume, akisema nisamehe, nisamehe, sikufikiri.

Fundi, aliyekuwa mstari wa pili, alikuja akamkalisha mpenzi wake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimshika mabega.

"Niambie," alisema. "Kama unaweza."

Akamwambia.

Alikuwa na mtoto, miaka minane iliyopita. Msichana, aliyepewa jina la bibi yake mzaa baba, na bibi alikuwa hamwiti kwa jina hata siku moja, alimwita somo wangu, mpaka nyumba nzima ikamwita Somo. Waliishi chumba na sebule, nje kidogo ya dirisha kulikuwa na waridi sita kwenye makopo. Huo ndio mwanzo wa maua. Wadudu waliyala. Bi Saumu alienda mwenyewe kununua dawa, akauziwa kwenye chupa ndogo ya soda. Ilikuwa nyekundu, nzuri kutazama. Aliipeleka nyumbani, akaiweka juu ya kabati, akageuka kukoroga uji.

"Kulikuwa na kiti," alisema. "Sikukifikiria kiti."

Hospitali walimwuliza mtoto kanywa nini. Chupa haikuwa na maandishi yoyote. Madaktari hawakujua wampe nini. Alikuwa na miaka mitatu. Baba yake alihamia mji mwingine, akaoa. Mama mkwe wake alisimama mbele ya waombolezaji akamnyooshea kidole, akasema, muuaji ni huyu, na asikanyage kaburi la somo wangu nikiwa hai. Hakukanyaga.

"Kwa hiyo naokota kwa mkono," Bi Saumu alimaliza. "Siku mia tatu na sitini na tano. Sijui kazi nyingine, na siwezi kuifanya kwa njia nyingine. Sasa umenijua."

Fundi aliondoa mikono mabegani mwake.

"Ulinunua wapi?"

"Nini?"

"Ile chupa. Ulinunua wapi?"

"Nyuma ya stendi ya zamani. Kulikuwa na kidirisha cha kijani. Kilishavunjwa. Kwa nini?"

Aliinuka. Alijipangusa magoti, ingawa hayakuwa na vumbi. "Kuna mteja ananisubiri," alisema, akaondoka bila kuaga, akaacha kopo lake lenye wadudu waliokuwa bado wanapiga miguu juu ya maji.

Jioni hiyo hakupiga simu. Bi Saumu alipiga yeye, ikaita mpaka ikakatika. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu aliacha ujumbe wa sauti: "Mpenzi, niambie tu kama uko mzima." Siku ya saba: "Naona alama kwamba umesikiliza. Angalau una masikio." Siku ya kumi na mbili aliongea kwa muda mrefu kisha akaufuta kabla ya kuutuma.

Dada yake alimpigia.

"Amekuja?"

"Hajaja."

"Basi ana mwanamke mwingine. Wakitoweka hivyo huwa na mwanamke."

"Dada, hana mwanamke. Nimemwambia habari ya Somo, akainuka akaenda. Ameniona nilivyo. Basi."

Upande wa pili cherehani ilinyamaza. "Usiseme hivyo," dada alisema.

Siku ya kumi na tisa Bi Saumu alivaa gauni lake la kijivu, lile la kuendea ofisini kwa watu, akafunga kilemba, akaenda soko la vyuma. Fundi alikuwa ndani ya kibanda, amekaa chini kati ya pampu zilizofunguliwa, hakuna hata moja aliyokuwa anaitengeneza. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo.

"Sikuja kukubembeleza," Bi Saumu alisema akiwa mlangoni. "Nimekuja usikie kwa mdomo wangu. Kama umeniona muuaji, sema. Nimeshaitwa hivyo na watu ninaowaheshimu kuliko wewe, sitakufa."

"Si wewe."

"Si mimi nini?"

"Si wewe muuaji." Alitazama sakafu. "Kile kidirisha cha kijani. Mimi ndiye niliyekuwa ndani."

Hakuelewa. "Ndani ya nini?"

"Tajiri alikuwa analeta dumu kubwa. Kazi yangu ilikuwa kumimina kwenye chupa za soda, nilizikusanya hotelini. Tulikuwa tunabandika karatasi yenye fuvu la kichwa na maandishi mekundu. Wiki ya mvua za kwanza karatasi ziliisha. Nikamwambia tajiri. Akasema, uza, wateja wanajua wanachonunua. Nikauza. Wiki nzima niliuza bila karatasi."

Nje mchomeleaji alizima mashine yake.

"Nilikuuliza inatumiwaje," Bi Saumu alisema polepole. "Ukasema, itikise kwanza. Ndiyo maneno yako yote. Itikise kwanza. Hukuinua macho, ulikuwa unamsikiliza mteja mwingine."

"Sikumbuki sura yako. Nimejaribu siku zote hizi. Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka mkono. Ulikuwa umefungwa plasta kwenye kidole gumba."

Fundi aligeuza kidole chake. Kulikuwa na kovu la zamani, jeupe, limepita juu ya kucha. Mara ngapi alikuwa amelibusu kovu lile.

"Baadaye ulisikia?"

"Siku ya tatu. Mteja alisema kuna mtoto mtaa wa juu kanywa. Tajiri alifunga siku hiyo hiyo akahama. Mimi nikajifungia nyumbani."

"Hukuja."

"Sikuja."

"Hukuuliza hata ni mtoto wa nani."

"Niliogopa nikiuliza nitajibiwa."

Alichohisi Bi Saumu kwanza kilimshangaza yeye mwenyewe: ilikuwa nafuu. Miaka minane alikuwa amebeba peke yake, na huyu hapa mtu wa kumtwisha. Kisha akaona ni nani anayemtwisha. Alitoa simu yake, akafuta namba ya fundi mbele ya macho yake.

"Usipige. Usije. Usipite hata njia ya hospitali."

"Nakupenda," fundi alisema. Alijua hapakuwa mahali pake, lakini hakuwa na neno jingine.

"Ndilo hilo linaloniua," mwanamke alijibu, akaondoka.

Tangu siku hiyo hakuokota tena. Alilala mpaka jua linachomoza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alipofika bustanini alikaa juu ya ndoo akatazama wadudu wakila. Waridi ziligeuka chekecheke. Panzi walipanda juu ya dalia mchana kweupe. Harusi ya mkuu wa hospitali ikachukuliwa na muuzaji mwingine, na dada mtu, alipokuja na kuona hali ile, aliingia mstarini na viatu vyake vya sokoni akaanza kuokota mwenyewe, akilia na kugombana na viwavi.

"Acha, dada."

"Siachi. Utakula nini?"

"Nimesema acha."

Wakiwa katika kubishana, simu iliita. Namba ngeni. Bi Saumu alidhani ni mteja.

"Hujambo," ilisema sauti ya mwanamke mzee, na mwili ukamsisimka wote kabla akili haijaitambua. Alikuwa hajaisikia sauti hiyo ya mama mkwe wake tangu siku ya mazishi.

"Sijambo. Shikamoo, mama."

Salamu haikuitikiwa. "Kuna mwanamume amekaa sebuleni kwangu, kaniulizia mtaa mzima, na namba yako kanipa yeye. Anasema ndiye aliyekuuzia ile chupa. Nimemtukana. Nimemmwagia chai. Hataki kuondoka, anasema nina haki ya kumwambia chochote. Mimi nimeishiwa, mwanangu. Njoo umtoe."

Mwanangu. Aliliacha neno lile litue. Kisha akavaa viatu.

Nyumba ilikuwa ile ile, makochi yale yale yenye vitambaa vyeupe. Fundi alikuwa kwenye ukingo wa kiti, shati limelowa chai, mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Bibi alikuwa amesimama kando ya kabati la vyombo. Alikuwa amezeeka, amekuwa mfupi. Juu ya kabati kulikuwa na picha ya Somo, na Bi Saumu hakuweza kuitazama, kisha akaweza.

"Nilikuwa na mtu mmoja wa kumchukia," bibi alisema, hakumtazama yeyote kati yao. "Nilikuwa nimemzoea. Nikiamka namchukia, nikilala namchukia. Ndiyo iliyoniweka hai. Sasa huyu anakuja na adabu zake, ananiambia karatasi ziliisha. Karatasi! Nimchukie nani, karatasi?"

"Nichukie mimi, mama," fundi alisema.

"Nyamaza wewe. Nimeshakuambia unyamaze."

Bi Saumu akasema, "Mimi ndiye niliyeiweka juu ya kabati, mama. Hilo halijabadilika."

"Najua uliiweka wapi. Na mimi ndiye niliyekuwa nampa soda kila akija hapa, mpaka akawa akiona chupa anajua ni yake. Sikuwahi kumwambia mtu." Alijishika kwenye kabati, vyombo vikalia. "Kesho nakwenda kule. Kama unataka kuja, njoo asubuhi."

Walienda asubuhi, wanawake wawili, kila mmoja na mkoba wake. Fundi aliwafuata kwa mbali na hakuna aliyemfukuza, lakini walipofika kwenye lango la makaburi Bi Saumu aligeuka akamwonyesha kiganja. Akabaki nje. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, jua likamkuta hapo, likamhama, likamkuta tena.

Walikuwa ndani kwa muda wa saa mbili. Bi Saumu alitoka wa kwanza. Kilemba kilikuwa kimelegea, magoti ya gauni yana udongo, macho yamevimba. Alisimama mbele ya fundi, kisha akakaa kando yake, nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Nitahama mji," fundi alisema. "Nimeshaongea na mtu achukue kibanda. Hutaniona tena."

"Nani kakuambia uhame?"

"Nimefikiri itakuwa rahisi kwako."

"Ukihama nitabaki na nani? Nitaolewa na mtu asiyejua, nimfiche maisha yangu yote? Au nimwambie, aniambie pole, halafu tukale?" Aliuvuta upindo wa gauni akafuta pua. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Sijui kama nitakusamehe."

"Najua."

"Usiseme najua. Hujui. Mimi mwenyewe sijui." Alipumua. "Asubuhi nikiamka natafuta simu nikupigie, halafu nakumbuka. Kila siku hivyo, mtu na akili zangu. Nimechoka. Usihame. Sikuahidi kitu, lakini usihame."

Fundi hakumgusa. Basi lilipita, vumbi likapanda, likashuka. Alionekana anatafuta namna ya kusema jambo, analianza ndani kisha analirudisha.

"Sema," Bi Saumu alimwambia.

"Alikuwaje?"

Mwanamke akamgeukia. Miaka minane watu walikuwa wamemwuliza ilikuwaje. Saa ngapi, kiasi gani, alikuwa wapi yeye.

"Alikuwa mbishi," alisema mwishowe. "Ukimvalisha kiatu cha kulia, anataka cha kushoto. Alikuwa analala miguu kwenye mto, kichwa huku. Konokono alikuwa hawezi kumtaja, anasema nokonoko. Alikuwa anawaokota kwenye yale makopo yangu, hawaogopi hata kidogo, anawaficha kwenye viatu vya baba yake. Asubuhi moja baba yake akaingiza mguu..."

"Havikuwa viatu vya baba yake."

Bibi alikuwa ametoka langoni, amesimama nyuma yao, mkono mmoja kiunoni.

"Vilikuwa vyangu. Vile vyeusi. Nilikuwa nakwenda kwenye mkutano wa kanisa na konokono wawili ndani ya kiatu, nikapiga kelele mpaka majirani wakaja." Alitazama ukingo wa barabara, akatazama nafasi iliyokuwa kati yao. Fundi akainuka haraka ampishe.

"Kaa," bibi alimwambia. "Nani kakuambia usimame?"

Akakaa. Bibi akajishusha taratibu katikati yao, akinung'unika juu ya magoti yake, akapanga mkoba mapajani.

"Sikiliza vizuri, wewe," alisema bila kumtazama. "Mimi ni mzee, na baba yake hataki hata kumtaja. Itabidi na wewe umjue." Kisha akamgusa Bi Saumu pajani kwa kiganja. "Endelea. Ila useme ukweli. Mwambie na ile siku alipokata nywele zake."

"Alizikata na mkasi wa dada," Bi Saumu alisema, na kabla hajaifikia sehemu yenyewe alikuwa ameanza kucheka na kulia kwa pamoja, ikabidi asubiri kidogo, nao wakamsubiri.